Draiva ya zamani kwenye Windows 11: njia tano, na ipi ikufae

Tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mafundi kompyuta wanaletewa kesi moja kila kukicha. Mtu amenunua kompyuta mpya, au ameipandisha aliyonayo iwe Windows 11, na skana aliyoitegemea miaka yote imegoma. Skana yenyewe ni nzima, taa inawaka, waya ni ule ule. Kilichokataliwa ni draiva, programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa. Unapoisakinisha, kinatokea kisanduku chenye maneno "The third-party INF does not contain digital signature information", yaani draiva haina saini ya kidijitali, na safari inaishia hapo.

Ukiuliza, utapata majibu yanayopingana. Huyu anasema bonyeza F7, yule anasema washa hali ya majaribio, mwingine anasema tupa ununue mpya. Kila mmoja anasema kweli kwa hali iliyomkuta yeye. Mimi naamini uamuzi huu hautegemei sana kifaa. Unategemea kompyuta unayotaka kukichomeka, na vitu vilivyomo ndani yake.

## Jua kwanza kilichokukwamisha

Kuna vikwazo viwili ambavyo watu huvichanganya.

Cha kwanza ni saini, alama ya kidijitali inayothibitisha draiva imetoka kwa nani na kwamba haijachezewa. Windows za biti 64 zimekuwa zikidai saini ya kidijitali kwa draiva zinazoingia kwenye kerneli, yaani kiini cha mfumo, tangu enzi za Vista. Mwaka 2016, kwa toleo la 1607 la Windows 10, kamba ilikazwa zaidi: draiva mpya za kerneli lazima zisainiwe na Microsoft wenyewe. Zile zilizosainiwa kwa vyeti vilivyotolewa kabla ya tarehe 29 Julai 2015 ziliachwa ziendelee. Kwa hiyo draiva kuwa ya zamani hakumaanishi kwamba haina saini. Nyingi za mwaka 2008 au 2010 zinayo.

Cha pili ni biti, yaani kama draiva iliandikwa kwa Windows ya biti 32 au ya biti 64, na hiki hakina dawa. Windows 10 ilikuwa na toleo la biti 32, lakini Windows 11 haina. Draiva ya kerneli ya biti 32 haipakiwi kwenye Windows ya biti 64 hata ukizima ukaguzi wote uliopo. Nimeona watu wakihangaika na F7 kutwa nzima kwa draiva ambayo isingeingia kwa namna yoyote.

Kulikagua hilo ni kazi ya dakika moja. Fungua folda ya draiva, tafuta faili linaloishia na .inf, lifungue kwa Notepad, kisha tafuta neno NTamd64. Ukilikuta, draiva ina sehemu ya biti 64 na njia zote tano ziko wazi kwako. Ukikuta NTx86 peke yake, au usikute chochote cha aina hiyo, draiva ni ya biti 32. Hapo ruka njia ya pili na ya tatu. Wenye laptopu za Snapdragon, zenye prosesa ya aina ya ARM, watafute NTarm64, na kwa vifaa vya zamani mara nyingi hawataikuta.

## Vigezo nilivyotumia

Kila njia nimeipima kwa mambo yale yale. Inatatua tatizo gani hasa? Inakupunguzia ulinzi kiasi gani? Ukizima na kuwasha kompyuta, inabaki? Inataka ujuzi, muda na fedha kiasi gani? Mwisho, inamfaa nani?

Kigezo cha ulinzi kinahitaji neno zaidi, kwa sababu ndicho kinachopuuzwa. Draiva ya kerneli hufanya kazi katika ngazi ya juu kabisa ya mamlaka ndani ya kompyuta. Inaweza kusoma kumbukumbu yote, kunasa kila herufi unayoandika, na kuizima programu ya kuzuia virusi bila wewe kujua. Ni kweli saini si kinga kamili. Stuxnet, programu hasidi iliyogunduliwa mwaka 2010, ilisafiri na draiva zilizosainiwa kwa vyeti vilivyoibwa vya kampuni za Realtek na JMicron. Hata hivyo, kwa watengenezaji wengi wa programu hasidi mlango huu ni mgumu kupita, na ukiufungua kwa ajili ya skana umewafungulia na wao.

## Njia ya kwanza: kutafuta draiva nyingine yenye saini

Inachotatua. Saini, na wakati mwingine hata biti. Vifaa vingi havihitaji draiva iliyoandikwa kwa jina lao. Printa ya HP LaserJet 1010 haikupata draiva yake kamili ya Windows za karibuni, lakini watu wengi wanaitumia kwa draiva ya ndugu yake, HP LaserJet 3055 PCL5. Unaongeza printa kwa mkono, unachagua bandari ya DOT4_001, kisha unaitafuta draiva hiyo kwenye orodha inayoletwa na Windows Update.

Mfano wa pili ni kebo za USB za kuunganisha vifaa vya bandari ya mfululizo, zile zenye chipu ya PL2303. Hutumika kuprogramu redio za upepo, mashine za risiti na vipimo vya maabara. Ukiichomeka kebo ya zamani kwenye Windows 11, Device Manager, orodha ya vifaa ndani ya Windows, inakuandikia "PL2303HXA PHASED OUT SINCE 2012. PLEASE CONTACT YOUR SUPPLIER". Mtu hudhani kebo imekufa au draiva haina saini. Hakuna hata kimoja. Draiva mpya ya mtengenezaji ndiyo inayoikataa chipu ya zamani kwa makusudi, pamoja na zile za bandia. Draiva yake ya zamani, toleo la 3.2.0.0, ina saini na ni ya biti 64. Isakinishe, kisha ingia Device Manager, bofya kulia kwenye kebo, chagua "Update driver", halafu "Browse my computer for drivers", halafu "Let me pick from a list", na uchague hilo toleo la zamani. Kebo inarudi kazini bila kuzima ulinzi wowote.

Kwa skana, programu ya VueScan inakuja na namna yake ya kuongea na vifaa vingi ambavyo watengenezaji wake wameviacha. Ni ya kulipia, lakini unaweza kuijaribu kwanza uone kama inaitambua skana yako. Kwa vifaa vya USB vya kifundi, Zadig hukifunga kifaa kwenye WinUSB, draiva ya Microsoft wenyewe. Hiyo inasaidia pale tu programu unayoitumia inapojua kuongea kupitia WinUSB.

Ulinzi. Haupungui.

Kudumu. Inabaki, ila Windows Update inaweza kuirudisha draiva mpya usiyoitaka. Kwa kebo za PL2303 hilo hutokea, na dawa ni kurudia uchaguzi ule ule.

Kazi na gharama. Muda wa kutafuta, na tahadhari. Tovuti zinazojitangaza kuwa na "draiva zote bure" ni mahali pabaya pa kupakulia. Anza na tovuti ya mtengenezaji, au CD iliyokuja na kifaa.

Inamfaa nani. Yeyote, kama hatua ya kwanza. Haimfai mwenye kifaa adimu kisicho na ndugu wala programu mbadala.

## Njia ya pili: kuzima ukaguzi kwa mara moja

Inachotatua. Saini tu. Shikilia Shift huku ukibofya Restart, kisha fuata "Troubleshoot", "Advanced options", "Startup Settings", "Restart". Orodha ikitokea bonyeza 7 au F7. Kompyuta inawaka bila kukagua saini, unasakinisha draiva, na Windows inakuonya kwa kisanduku chekundu lakini inakubali.

Ulinzi. Unapungua kwa kipindi hicho tu, mpaka uwashe upya. Hatari iliyopo ni ya draiva yenyewe unayoisakinisha, kwa hiyo asili yake lazima uijue. Kuna jingine linalowakuta wengi. Kompyuta mpya huwa na usimbaji wa diski wa BitLocker umewashwa bila mwenyewe kujua, na ukiingia kwenye menyu hizi inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Hakikisha unao, kwenye akaunti yako ya Microsoft au kwenye karatasi, kabla hujagusa chochote.

Kudumu. Hapa ndipo ushauri unapogongana, na sababu inaeleweka. Kerneli hukagua tena kila inapowaka. Kama draiva yako ina faili la .sys, lile linaloingia kwenye kerneli, lisilo na saini, kesho utakuta alama ya njano kwenye Device Manager na "Code 52", maana yake Windows imeshindwa kuthibitisha saini, na kifaa hakifanyi kazi. Itabidi upite F7 kila asubuhi. Lakini printa na skana nyingi hazina faili lao la kerneli. Sehemu zao zinafanya kazi nje ya kerneli, na kinachoongea na USB ni faili la Microsoft lenye saini. Kwa vifaa hivyo F7 ya siku ya kusakinisha inatosha, ukiwasha upya vinaendelea. Hali ni hiyo hiyo kama ulibadilisha mstari mmoja tu ndani ya .inf na faili la .sys limebaki na saini yake halali.

Kazi na gharama. Bure, na si kazi ya kutisha kwa mtu anayesoma menyu za Kiingereza.

Inamfaa nani. Mwenye printa au skana ya biti 64 ambayo faili lake la maelezo tu ndilo lisilo na saini. Na fundi anayetaka kujaribu kama draiva inafanya kazi kabisa, kabla hajaamua njia ya kudumu.

## Njia ya tatu: hali ya majaribio na kujisainia mwenyewe

Inachotatua. Saini, hata ya faili la kerneli, kwa muda mrefu. Windows inaruhusiwa kukubali vyeti vya majaribio kwa amri hii, ukiwa msimamizi:

bcdedit /set testsigning on

Kama Secure Boot, kinga inayokagua saini tangu kompyuta inapowaka, imewashwa, amri hiyo inakataliwa kwa maneno kwamba thamani hiyo inalindwa. Itabidi uingie kwenye mipangilio ya UEFI, ile inayofunguka kabla Windows haijawaka, uizime. Kisha kuna jambo ambalo maelekezo mengi huliruka: hali ya majaribio haikubali draiva ya kerneli isiyo na saini kabisa. Inakubali iliyosainiwa na yeyote, ukiwemo wewe. Kwa hiyo unatengeneza cheti chako kwa amri ya New-SelfSignedCertificate ya PowerShell, unakiingiza kwenye maghala mawili ya kompyuta, la mamlaka za mzizi na la wachapishaji wanaoaminika, unatengeneza faili la .cat, linalobeba saini ya draiva, kwa inf2cat, halafu unalisaini kwa signtool. Zana hizo mbili za mwisho zinapatikana kwenye vifurushi vya Microsoft vya waandishi wa programu.

Ulinzi. Unapungua kuliko njia nyingine zote, na unapungua muda wote. Secure Boot imezimwa, na draiva ya mtu yeyote aliyejisainia inaweza kuingia kama yako. Ukiachia ufunguo binafsi wa cheti chako kwenye diski, atakayeuiba atasaini anachotaka na kompyuta yako itamwamini. Ukimaliza kusaini, ufute.

Kudumu. Inabaki hadi uizime kwa amri ile ile ukiweka off. Pembeni ya skrini, chini kulia, patakaa maandishi "Test Mode" siku zote. Baadhi ya michezo ya mtandaoni inakataa kuwaka katika hali hii.

Kazi na gharama. Bure kwa fedha, ghali kwa muda. Fundi mzoefu ataimaliza kwa mchana mmoja, lakini asiyewahi kugusa vyeti ataichoka.

Inamfaa nani. Anayejua anachofanya, kwenye kompyuta iliyotengewa kifaa hicho: mashine ya kukata vinyago vya mbao inayoendeshwa na kadi ya zamani, kipimo cha maabara ya chuo, karakana. Kwa kompyuta ambayo watu wanaingilia benki au kutuma fedha, ningeikataa bila kujadili.

## Njia ya nne: Windows ya zamani ndani ya kompyuta pepe

Inachotatua. Saini na biti kwa pamoja. Kompyuta pepe ni programu inayojifanya kompyuta nyingine ndani ya kompyuta yako. Unasakinisha VirtualBox au VMware Workstation Pro, ambayo tangu Novemba 2024 ni bure kwa wote, kisha ndani yake unaweka Windows XP au Windows 7 ya biti 32. Kifaa cha USB kinakabidhiwa moja kwa moja kwa Windows ya ndani, na draiva yake ya zamani inasakinishwa humo. Windows 11 ya nje haihitaji kukijua kifaa. Hyper-V iliyomo kwenye Windows Pro haitakusaidia hapa, kwa kuwa haina njia ya kawaida ya kukabidhi vifaa vya USB. Kadi zinazochomekwa ndani ya kompyuta nazo hazina nafasi kwenye njia hii.

Ulinzi. Windows 11 inabaki na kinga zake zote. Hatari inahamia ndani, kwa sababu XP iliachwa tarehe 8 Aprili 2014 na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Dawa ni rahisi: ondoa kadi ya mtandao kwenye mipangilio ya kompyuta pepe, na uhamishe picha zilizoskaniwa kupitia folda ya pamoja.

Kudumu. Imara kuliko zote. Windows 11 ikijisasisha leo au mwaka kesho, kilichomo ndani hakiguswi. Hata ukinunua kompyuta nyingine unahamisha folda moja kubwa na kazi inaendelea.

Kazi na gharama. Unahitaji leseni ya hiyo Windows ya zamani, RAM ya kutosha (GB 8 zinaridhisha kwa XP), na saa chache za kupanga. Usumbufu wa kila siku ni kuiwasha kwanza ndipo uskani. Kwa mtu wa kurasa mbili kwa wiki si tatizo, kwa mwenye foleni ya wateja linaudhi. Pia vifaa vinavyohitaji muda sahihi kabisa, kama vinavyoprogramu chipu, huweza kuyumba.

Inamfaa nani. Mwenye kifaa cha USB cha biti 32 na kompyuta moja tu anayotaka ibaki salama.

## Njia ya tano: kukipa kifaa kompyuta yake

Inachotatua. Kila kitu, zikiwemo printa za LPT, ile bandari pana ya zamani, na kadi za ndani. Kuna namna mbili. Ya kwanza ni kuiacha kompyuta ya zamani na Windows yake ya zamani, ukichomoa waya wa mtandao. Ya pili ni kuweka Linux, mfumo endeshi mwingine badala ya Windows, na hii naipenda zaidi, kwa sababu Linux haikuvisahau vifaa hivi. Skana za Canon CanoScan LiDE 20 na LiDE 30 zinahudumiwa na mradi wa SANE. Printa za HP LaserJet 1018 na 1020 zina draiva za foo2zjs, na CUPS, programu ya kuchapisha ya Linux, inaweza kuigawa printa hiyo kwenye mtandao wa ofisi ili Windows 11 iione kama printa ya kawaida ya mtandao. Hakuna draiva ya mtengenezaji inayohitajika upande wa Windows.

Ulinzi. Kompyuta kuu haiguswi. Ile ya Windows ya zamani ni salama ikibaki nje ya mtandao. Flash inayotoka kwayo ipitishe kwenye programu ya kuzuia virusi kila mara, kwani virusi vya flash havijaisha.

Kudumu. Mpaka chuma chenyewe kichoke.

Kazi na gharama. Kompyuta ya ziada, nafasi mezani na umeme. Upande wa Linux unahitaji mtu wa kuiweka mara ya kwanza. Baada ya hapo haisumbui.

Inamfaa nani. Ofisi, shule na steshenari zenye kompyuta iliyostaafu inayokaa bure.

## Kwa hali yako

Una steshenari, na kompyuta moja ndiyo inayochapa, kuskani vitambulisho vya wateja na kutuma fedha. Anza na njia ya kwanza. Ikishindikana na kifaa ni cha biti 64, jaribu F7 mara moja uone kama kinasalia baada ya kuwasha upya. Kisiposalia, nenda njia ya tano. Hali ya majaribio usiiguse. Taarifa za wateja zilizomo humo zinalindwa na sheria, ya mwaka 2022 kwa Tanzania na ya 2019 kwa Kenya, na mbali na sheria, watu wamekuamini na vyeti vyao.

Una skana ya nyumbani unayoitumia mara chache, na faili lake la .inf halina NTamd64. Jaribu VueScan kwanza. Isipoitambua, kompyuta pepe.

Una kebo ya kuprogramu redio inayokataliwa. Weka draiva ya zamani yenye saini. Ukichoka kuirudisha kila Windows inapojisasisha, nunua kebo yenye chipu nyingine, kama CH340 au FTDI halisi. Hiyo ni nafuu kuliko usumbufu.

Una mashine ya karakana au maabara ambayo kuibadilisha ni gharama kubwa, na draiva ipo ya biti 64 bila saini. Tenga kompyuta, itoe kwenye mtandao, utumie njia ya tatu. Kama ni ya biti 32 na inatumia kadi ya ndani, usihame Windows. Badala yake anza kutafuta mapema kompyuta ya akiba ya aina ile ile, pamoja na diski nzima iliyonakiliwa.

Na kama kompyuta ya zamani bado inawaka na bado hujaifuta, toa draiva zake leo. Kwenye Windows 10, fungua Command Prompt kama msimamizi, chomeka flash, tengeneza ndani yake folda iitwayo draiva, kisha andika:

pnputil /export-driver * E:\draiva

Badilisha herufi E kulingana na flash yako. Draiva zote zilizoongezwa juu ya zile za Windows zitanakiliwa humo, zikiwemo ambazo watengenezaji wake wameshaziondoa kwenye tovuti zao.